Lau

Tangu tumzike mkewe, kaka Shee hajalia.
Amekaa dakani Mkomani, apiga mahesabu:
lau boti ya Mokowe ingewahi,
lau ile dripu, lau ule usiku.
Kila lau ina jibu, na jibu lazaa lau.

Tumbo likaanza kuwaka.
Shingo ikakaza kama kamba mbichi.
Alfajiri taya lamuuma,
kasaga meno usiku kucha.

Daktari kapima damu, kapima choo: hola.
“Unawaza nini?”
“Siwazi. Natafuta tu nilipokosea.”

Jana kafungua kasha,
akaikuta kanga ya Mwanaate,
pindo limeungua kwa kaa la chetezo.
Akainusa.
Nikasikia sauti ukuta wa pili,
nikadhani punda wa jirani.

Leo kala uji, bakuli zima.
Shingo bado.