Orodha ya Bi Helve

Alikuja Jumanne na kompyuta ndani ya foronya,
theluji ikimyeyukia mabegani,
akaitua mezani kama mtu aliyeleta kuku mgonjwa:
"Wanasema imezeeka, haipokei tena Windows mpya.
Nami nimezeeka. Mbona sijatupwa?"

Hapa Võru, chumba cha nyuma cha maktaba,
Jumanne ndiyo siku ya kufufua.
Nikachomeka flashi, nikaweka Linux,
tukaketi kimya tukitazama mstari wa buluu
unavyotambaa toka kushoto
kama mgeni asiyeujua mlango.

Kisha nikamwandikia orodha, kwa kalamu,
maana karatasi haidai nywila.

*Kuzunguka mtandaoni: Firefox.
Usimwogope yule mbweha, amejikunja tu.
Barua pepe: Thunderbird, ndege wa buluu.
Kuandika na kupiga hesabu: LibreOffice.
Itafungua mafaili yako yote ya zamani,
ila jedwali moja moja litachechemea.
Filamu na muziki: VLC,
ile koni ya machungwa ya mafundi wa barabara.
Haichagui chakula.
Picha: GIMP*

hapo nikasita, nikaipiga mstari.
Mgeni haonyeshwi stoo siku ya kwanza.

Aliisoma kama mhasibu, na alikuwa mhasibu,
miaka thelathini na mmoja kiwanda cha siagi,
kidole kikishuka upande wa kulia,
pale bei zingekaa.
"Kiasi gani?"
Bure.
"Bure ya namna gani?"
Bure tu, Bi Helve.
Akavua miwani.
"Kaarel, mimi nimeishi chini ya serikali
iliyonipa nyumba ya bure,
na ndani ya ukuta sikio, la bure pia.
Nani amelipa?"

Nikasema: watu. Mmoja labda yuko Brno, mwingine Porto,
watoto wakishalala wanakaa jikoni wanaandika.
"Kwa nini?"
Sikuwa na jibu.
Nikamwonyesha mchezo wa karata.

Wiki tatu, kimya.
Nikadhani amenunua mpya, kwa mkopo,
kama jirani zake wote.

Kisha simu, saa nne na nusu usiku,
bila salamu:
"Kwenye ile ya hesabu, menyu ya kwanza,
mstari wa saba kutoka chini.
Palipopaswa kuwa *saada*, tuma,
wameandika *sada*. Mia!
Mia ya nini? Mia ngapi?
Mimi nisingepitisha hata ankara ya mtindi."

Mgeni siku mbili; ya tatu, mpe jembe.
Jumanne iliyofuata nikamwonyesha
mahali wanapopokea masahihisho.
Aliandika kwa vidole viwili,
kofia kichwani, chai ikapoa,
saa nzima kwa ajili ya *a* moja.
"Nasaini wapi?"
Andika jina tu.
Akaandika jina, la baba yake, na cheo:
mhasibu mstaafu.

Aprili, matope hadi vifundoni,
toleo jipya likashuka.
Hakuningoja. Nilipoingia alikuwa ameshafungua menyu,
ukucha juu ya kioo, chini ya herufi ya tatu.
Hakusema kitu.
Nami nilijifanya natafuta waya.

Ndipo akatoa pochini orodha yangu,
imekunjwa mara nane, inanuka sabuni.
Upande wa kulia alikuwa amepiga safu kwa penseli:
mbweha, *nadaiwa*.
Ndege, *nadaiwa*.
Koni, *nadaiwa sana* (amekuwa akitazama filamu hadi alfajiri).
LibreOffice: *herufi moja, imelipwa*,
na salio halikujazwa.

"Na hili ulilolifuta," akasema,
akigonga pale kwenye mstari wangu wa wino,
"nililisoma siku ileile.
Picha, siyo?
Sogeza kiti."