Ndoo Moja

Siku hizi nabeba ndoo moja.
Foleni ya bombani wananitania:
"Somoe, wewe uliyepandisha tangi la lita elfu tano
kutoka bondeni hadi sokoni Newala, ukipiga mluzi,
leo kindoo hicho?"
Nawaambia mgongo unauma.
Mgongo haujawahi kuniuma.

Tulikuwa watatu.
Chilumba wa kuruka, mimi wa nguvu,
na Mfaume, aliyesikia mawazo ya watu
kama usikiavyo redio ya jirani, utake usitake.
Mkubwa wetu alikuwa na miaka kumi na saba.

Usiku ule walipokuja kuchoma ghala,
korosho za vijiji sita zimo ndani, hazijalipwa,
mlinzi ameshakatwa panga,
sikuchagua jiwe. Jiwe lilikuwa karibu.
Nikalirusha kama nirushavyo gunia kwenye lori.

Likatua.

Asubuhi tukapewa mbuzi na khanga doti tatu.
Diwani akashika kipaza sauti, akasema mashujaa,
akasema mara tisa. Nilihesabu,
maana kuhesabu kulinizuia kutazama
kiatu cha tairi kilichobaki kando ya ukuta,
kamba yake imeungwa kwa waya.
Kimoja tu.
Mbuzi sikumla.

Hakuna aliyetufunda kwa hili.
Unyagoni nilifundwa damu yangu:
namna ya kufua, pa kuanika, nani wa kumwambia.
Damu ya mtu mwingine haikuwemo.
Mafuta ya ganda la korosho yakikushika mkono
ngozi inababuka, inakuwa nyeusi,
wiki mbili tatu imechunika, umepona.
Basi nikakaa nikingoja ngozi ichunike.

Chilumba haruki tena.
Kitangari anakwenda kwa miguu, jua la saa saba,
vumbi hadi magotini.
Anasema ukiwa juu watu wanakuwa wadogo,
na mtu mdogo ni rahisi.
Hakumalizia, rahisi nini.

Mtoto wa dada ana miezi mitano, sijampakata.
Dada anadhani nina kijicho.

Mfaume alijua, akanyamaza mwaka mzima,
pamba masikioni, ingawa pamba haizuii kitu.
Nikamfuata hadi Shimo la Mungu,
pale nchi inapokatika ghafla
na Ruvuma inaonekana mbali, uzi uliodondoka.
Alikuwa anatafuna muwa.
"Alikuwa anawaza nini?"
"Nani?"
"Mfaume, usinifanye mtoto."

Akatema makapi. Akayatazama.
"Baiskeli.
Aliiacha kwa fundi, hajaimalizia hela.
Anawaza fundi atamwekea mpira mpya
au atamlaghai kiraka."
"Na jiwe?"
"Jiwe hakuliona. Baadaye, pale chini, aliwaza medi."
"Medi?"
"Medi. Hivyo hivyo, kama mtu wa kwetu."

Maji. Kwa neno letu lenyewe,
neno tunaloamka nalo saa tisa za usiku
na madumu yetu, huku juu kusikochimbika kisima.
Hatua ishirini kutoka pale alipolala
palikuwa na pipa la mlinzi, limejaa.
Ningeweza kulibeba kwa kidole.

Nilitaka Mfaume aniambie alikuwa mbaya.
Alikuwa mbaya, mlinzi hana mkono hadi leo.
Na alikuwa na baiskeli.
Sijui niviweke wapi viwili hivi,
kichwani nina kata moja tu.

Leo nimetua ndoo njiani mara nne
kama wasichana wengine, nikihema hata bila kuchoka.
Nimefika, dada yuko jikoni, kajaa unga wa muhogo,
ananinyooshea mtoto: "Mshike basi, mara moja."
Nikasema ngoja ninawe.
Nikanawa.
Nikanawa tena, hadi viwiko.
Mtoto yuko hewani katikati yetu, anapiga mateke,
amekazia macho mikono yangu inayometa.
"Somoe," dada akasema,
"maji yanaisha."