Sumaku

Jumapili, Coventry, mvua ile isiyonyesha wala kuacha,
Salmini kageuza bahasha ya bili ya gesi,
kachora mstari katikati:
huku jiko la mwali, huku jiko la kioo.
Anafunga nyaya za treni, mume wangu;
hoja kwake ni kitu kinachopimika.
Siku ya harusi kwao walisema, kijana kapata jiko.
Leo jiko lenyewe linabishania jiko.

"Kitendawili!"
Nikasema tega, kwa uvivu, vitunguu mkononi.
"Meza haina moto, chakula kinaungua."
Nikampa mji. Nikampa huu huu, na mvua yake.
Akaenda, akala, akashiba, akarudi na jibu:
chini ya kioo mna koili ya shaba,
umeme unazunguka kimyakimya,
na sufuria ndiyo inayoshikwa na homa, si jiko.

"Gesi yako, katika kila pauni kumi
sita zinapasha dari."
"Na umeme wako, yuniti moja
ni bei ya yuniti nne za gesi.
Unachookoa darini unampelekea mwenye mita."
Akaandika. Ana sifa hiyo:
hata akipigwa, huandika.

Kisha akaandika jina la mtoto. Shaame.
Pumu, na lile bomba la bluu chini ya mto.
Mwali hula hewa ya chumba, akasema,
na unachotema hukioni.
Hapo sikuwa na neno.
Nikafungua dirisha.

Sumaku tuliitoa kwenye friji, ile yenye umbo la basi jekundu.
Sharti ni moja: isiponata, sufuria haipiki.
Sufuria la pilau, lililovuka nami sandukuni
limeshindiliwa dagaa na khanga:
basi likateleza, likaanguka sakafuni.
Karai: likaanguka.
Kikaango cha chuma alichotuachia Bi Maureen wa chini
alipohamia kwa mwanawe:
paa! likanata kama ndugu waliopotezana.
Kumbe hata jikoni kuna ukaguzi wa pasi,
na alumini yetu haina viza.

"Na chapati?" nikauliza.
"Mwishoni inataka kuguswa na mwali, ifure."
"Hayo mapenzi, si hoja."
"Yaandike."
Akaandika: mwali. Mbele yake hakuweka nambari.

Nilidhani tumemaliza.
Yeye ana kijitabu cha maelekezo mkononi,
wa aina ya kusoma mpaka zile herufi za mchwa nyuma,
na hapo akanyamaza. Akarudia ukurasa.
Mama yake anakuja Aprili,
na kile kifaa walichomshonea kifuani mwaka juzi,
betri ndogo inayoukumbusha moyo zamu yake.
Wenye kifaa hicho wasisogelee koili.
Sentimita sitini.

Akaleta futi kamba.
Akasimama mbele ya jiko, akainama
vile mama yake huinama,
shingo mbele, kiganja tayari kwa tone la mchuzi.
"Pima," akasema, macho ukutani.
Nikapima kutoka kifuani mwake.
Thelathini na nane.

"Tutamwekea kiti, pale mlangoni."
"Mama yako? Kiti? Mimi napika?"
Tukatazamana.
Aliyeanza kucheka ni yeye,
na aliyeacha kwanza pia ni yeye.

Sasa ni Jumatano. Bahasha iko mlangoni mwa friji
chini ya lile basi jekundu.
Safu ya kioo imeizidi ya mwali kwa mistari mitano,
naikubali, sina ubishi nayo.
Chini kabisa, peke yake, ipo 38
ambayo hakuijumlisha popote.
Fundi hajapigiwa simu.

Saa nane za usiku Shaame anakohoa.
Nainuka kumchemshia maji.
Kiberiti, kisha dirisha;
upepo wa Machi unaingia
na mwali wote unalalia upande mmoja.