Kiraka

Hapa Kizota, kando ya barabara ya Singida,
Baba ameziba pancha miaka thelathini na mmoja.
Beseni la maji, tyubu inazunguka mikononi,
anangoja povu limwambie: hapa.

Mwezi wa nane, upepo ukimwaga vumbi
mpaka ndani ya kopo la chumvi,
alikanyaga spoki. Hakusikia.
Mteja ndiye aliyesema: Mzee Ndahani,
ndara yako inavuja.

Leo siku ya arobaini. Kidonda kiko wazi
kama jicho la mtu anayekusubiri umalize uongo wako.
Nakiosha polepole, namsimulia ya darasani,
maana ada yangu ni viraka vyake,
ana haki ya kujua amenunua nini.

Mwili, Baba, ni vyumba visivyohesabika,
kila kimoja kina ngozi yake ya mafuta,
nyembamba kuliko utando juu ya maziwa yaliyopoa.
Ukitembea, inachanika. Ukiinua jeki, inachanika.
Si ajali hiyo. Ndiyo kuishi.
Na ndani wamo mafundi, protini, hawana likizo:
tundu likitokea wanakimbia na vipande vya utando,
wanashikana, wanabana, wameziba,
mteja hajashuka hata kwenye baiskeli.

"Kama mimi."

Kama wewe.

"Sasa hawa wangu wamekwenda wapi?"

Wapo. Ila damu yako imekuwa sharubati.
Sukari imewaganda vidoleni, viwikoni,
kila fundi ana gundi pale pasipotakiwa gundi.
Anaitwa, anainuka, ananasa mlangoni.
Mwingine anafika amechelewa, kiraka mkononi,
na kiraka hakishiki.

Akaugeuza mguu wake
akaukagua kama mali ya mtu.
"Hewa inatoka?"

Hapana, Baba, kinachoua ni kinachoingia.
Kalsiamu, madini yale yale ya mifupa,
inapita tunduni. Kidogo, ni filimbi ya kuwaita mafundi.
Ikizidi, ni mafuriko, na chumba kinakufa.

"Basi si tairi hilo," akasema. "Umekosea mfano.
Hilo ni paa la tembe."

Hapo mwenye daftari nikawa mwanafunzi.
Mvumi, nyumba ya mama yake, Bibi Sechelela:
udongo juu ya nyasi, nyasi juu ya fito,
na mvua ya kwanza inatafuta ufa kwa ulimi.
Bibi anapanda usiku, kaniki imekazwa kiunoni,
na udongo wa kichuguu alioulowesha tangu jioni,
kwa sababu tundu halikusubiri uende kuchimba.
"Ukiulowesha ukausahau, ukakaukia chunguni,
udongo unao.
Kiraka huna."

Niliiandika ukingoni mwa kitabu cha bayokemia,
kwa penseli, halafu nikairudia kwa wino.

Tunapima. Kidole, tone, mashine inafikiri.
Kumi na saba nukta mbili.
Anaiandika kwenye daftari la madeni
chini ya dereva wa lori aliyepotelea Manyoni.
"Na huyu naye," anasema, "atalipa kidogo kidogo."

Nyuma ya sanduku la spana nimeona vikonyo vya zabibu,
vitupu, vimefichwa chini ya gazeti.
Wateja wa Hombolo hulipa walichonacho.
Nilikuwa na la kusema. Nimekuwa nalo wiki nzima.
Nimefunga bandeji, mzunguko mmoja, wa pili,
nikakaza si sana.

Nje mtu anasukuma baiskeli, ringi inasaga changarawe.
Baba anavaa soksi, kwanza anaipindua,
anapitisha vidole ndani kutafuta mwiba,
kama nilivyomfundisha,
au kama anavyofanya kwenye tairi siku zote.
Kisha anaomba beseni.