Sasisho la Saa Nane Usiku

Uyole, Julai. Baridi inaingia hadi kwenye meno.
Tumesubiri bando la usiku, lile la bei ya maandazi,
simu tatu zimeegeshwa dirishani kwa Ipyana
pale mtandao unapopita ukungu ukijisahau,
na mstari wa bluu unatambaa:
asilimia kumi na moja. Kumi na moja. Kumi na moja.
Malori ya Tunduma yanapanda yakikohoa.
Sekela amesinzia na glovu za kuchagulia viazi.

Alfajiri ikafika mia, tukaingia.
Duka kwanza.
Siku hizi huendi vitani bila kupitishwa dukani:
joho la chui, kofia ya moshi,
buti zinazoacha maua kila unapokanyaga maiti,
na katikati, ikizunguka taratibu
kama kuku wa kuchoma ndani ya kioo,
Bunduki ya Dhahabu.
Kwa muda mfupi tu, yanasema maandishi,
kama mama Asukenye na parachichi zake jua likizama.

Ipyana akauza magunia mawili ya viazi
(yale ya mbegu, msiulize, baba yake hajui mpaka leo)
akanunua.
Wiki mbili alikuwa mtu mwingine.
Alipiga hadi waliojificha nyuma ya ukuta.
Tulimwita Mheshimiwa,
tukainamia simu yake kama watu wanaochungulia gari jipya.

Kisha sasisho jingine, dogo, mega mia tatu,
lenye maneno mawili ya adabu: Tumeweka usawa.
Usawa! Sasa dhahabu inapiga kama manati.
Ipyana akapanda juu ya kreti la soda,
akatoa sauti ya dalali wa mnadani:

    Mlituuzia moto, mkatupimia jivu,
    Imeniacha na ndoto, mfukoni ni ukavu,
    Adui hahisi joto, risasi zangu ni povu,
    Hata mwizi mpotovu, haibi alichouza!

Tulicheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta.
Tukaapa: tunafuta. Wote. Leo.
Mimi nilifuta kweli, saa nne asubuhi.
Saa tatu usiku nikaipakua tena, kwa bando la kukopa.

Sekela hakuapa.
Yeye hajawahi kununua hata soksi mle ndani,
anatembea na bunduki ya bure wanayopewa wageni wote
na bado anatufunika.
Aliuliza swali moja tu:
"Nyumba iko wapi?"

Nyumba ya bati la bluu, kaskazini mwa daraja.
Wameing'oa. Wameweka bwawa la kuogelea
lenye jina la kinywaji kwenye kila kigae.
Pale ndipo tulipojibanza na Gwakisa
kabla hajapata leseni akaanza kupeleka saruji Ndola.
Pale alisema, "Subirini nikaongeze mkaa,"
na askari wake akabaki ameelekea ukutani
dakika kumi nzima, sisi watatu tukimlinda
kama mtu anayeswali.

Bunduki waikate makali, haya,
hata mbolea hupanda bei mvua zikinukia, tumezoea.
Lakini ile nyumba hatukuinunua.
Haikuwa na bei.
Labda kosa lake lilikuwa hilo.

Jana nilimkuta Sekela mchezoni peke yake,
amesimama kwenye maji, kifua wazi kwa dunia nzima,
hasa pale ulipokuwa mlango.
Nikamwandikia: toka hapo, unaonekana.
Akajibu: najua.

Nikashuka ngazi za bwawa nikasimama kando yake.
Mtoto fulani mwenye joho la chui akatumaliza wote wawili.
Nafasi ya sabini na nne.

Maji yenyewe mazuri, lazima niseme.
Yanatikisika ukipita.
Hapo wamefanya kazi.