Daftari la Madeni

Sabini ni umri wa chuo, si wangu;
mimi nimebakiza mwaka mmoja nistaafu,
na leo mkuu kaniambia: Ekwaru, soma kitu kifupi,
watu wana njaa.
Nimeleta daftari.

Si lile la ofisini lenye jalada la ngozi
ambalo wageni hupigwa nalo picha.
Hili ni la stoo, la karo zisizolipwa.
Mchwa wamelila pembeni, linanuka mafuta ya taa.

Mwandiko wa kwanza ni wa Yosofati Okiror,
karani wa zama za vyumba viwili na paa la nyasi
hapo chini ya mwamba, nje kidogo ya Kumi:
*Madebe matatu ya ulezi. Bado moja. Ameruhusiwa kuketi.*
Nikafunua, nikafunua.
*Mbuzi jike, hajazaa. Ameruhusiwa kuketi.*
*Pamba ipo, chama cha ushirika hakijalipa. Ameruhusiwa kuketi.*
Kwa wino, kwa penseli, na mwaka mmoja kwa mkaa.
*Yatima,* ameandika mahali,
na hakutaja kiasi.

Themanini na saba, ng'ombe wa Teso wameporwa,
zizi ni miti mitupu na mavi makavu.
Ukurasa ule una majina kumi na manne,
mbele yake hamna kitu, hata sifuri.
Chini, kwa herufi ndogo: *wameketi.*

Jina la tisa ni langu.

Alibaki mwalimu mmoja, Bi Asekenye.
Hesabu tulifanya kwa kokoto.
Kiswahili tulikuwa tunakijua kwa amri tu:
lala chini, toa, mumeficha wapi.
Yeye akachukua kaa la jikoni
akaandika ukutani *tafadhali,*
akatutamkisha asubuhi nzima
mpaka neno likaacha kunuka baruti.
Ndiyo maana leo nawasomea kwa lugha hii,
na wazee wa Ateso mnisamehe.

Mheshimiwa wa mstari wa mbele, usiinamishe kichwa,
ukurasa wako sisomi.

Ila juzi alikuja mama mmoja kutoka Ngora,
kuku kwapani, amefungwa miguu kwa kitambaa.
"Deni la baba," akasema, "alinituma kabla hajafa."
Nikatafuta hadi sitini na moja: kuku mmoja, kweli.
Nikaandika *amelipa,* nikatia sahihi,
na nilipogeuka kutafuta muhuri
kuku alishataga kwenye trei ya barua.
Yai hilo hatujajua tuliandike wapi.

Basi. Atapa inapoa.
Nawaona mliosimama kule nyuma;
viti tuliazima kanisani, havikutosha.
Ninyi wa benchi, songeni kidogo.