Kifuniko

Inazimika Kange. Si Pongwe inapowaka,
si Ngamiani ninapokwenda. Kange,
hatua chache kabla ya stendi,
mbele ya mama wa vitumbua ambaye siku hizi
akinisikia tu nakuja
anasogeza beseni lake nipate pa kuegesha.

Kwanza inakohoa.
Kisha inavuta, inaachia,
kama mtu aliyetaka kusema neno akalimeza.
Kisha kimya, na tairi linanipeleka lenyewe
mpaka ukingoni mwa lami,
na madumu mawili ya maziwa yanagongana nyuma yangu
kunikumbusha kuwa jua halina subira.

Honda ya mwaka themanini na mbili.
Baba aliinunua kwa karani wa shamba la mkonge
aliyekuwa anahama, akailipa miezi kumi na minne,
na mpaka anafariki hakuwahi kuiita pikipiki.
Aliiita mwenzangu.

Fundi Shekilindi wa Duga alisema ni plagi.
Akaitoa, nyeusi kama jino la mvuta kiko,
akaweka mpya. Elfu sita.
Ikanguruma palepale, akafuta mikono, akacheka.
Kesho yake, Kange.

Mntangi wa Makorora akasema kabureta.
Akaifungua juu ya gazeti la mwezi uliopita:
boya, sindano, jeti ndogo kama punje ya mtama,
akapuliza kila tundu kwa mdomo wake
mpaka mashavu yakamuuma.
Ikawaka kwa kiki moja. Elfu kumi na tano.
Jumanne, Kange.

Kijana wa barabara ya kumi na nne hakushika hata spana.
Aliinamisha sikio, akasema:
koili hiyo, ikipata moto inachoka.
Tukaiagiza Dar. Ikaja ndani ya boksi la viatu.
Bei yake siiandiki hapa, mke wangu anasoma.

Wote walisema kweli kwa walichokiona.
Ugonjwa wenyewe ulikuwa na haya mbele ya mafundi:
ukifika gereji, umeshapona.
Ukiupumzisha robo saa, umeshapona.

Alhamisi maziwa yakaganda, dumu zima.
Nikakaa chini, mgongo kwenye tairi, nimeishiwa matusi.
Halafu, kwa kukosa la kufanya tu,
nikataka kuona petroli imebaki kiasi gani.
Nikashika kifuniko cha tangi. Kikagoma.
Nikakikaza mkono kwa kitambaa, nikazungusha,
kikaachia

fyuuu

pumzi ndefu, ya kuingia, si ya kutoka.

Mama wa vitumbua akageuka, upawa hewani.
"Hiyo ilikuwa inazama," akasema,
akarudi kwenye mafuta yake.

Nikakipindua kifuniko. Chini yake kuna kitundu
cha kupitisha ncha ya sindano, hakizidi hapo.
Kimeziba. Nikakwaruza kwa ukucha: nta,
nyeupe, ya mshumaa.

Jioni nikamuuliza mama.
Hakuficha. Alikuwa anachambua mchicha.
"Tulipomzika baba yako niliiingiza ndani, wezi wamezidi.
Kitanda changu kule, yenyewe huku.
Petroli ikawa inanipanda kichwani usiku kucha.
Nikayeyusha mshumaa."
Akatupa jani lenye matobo.
"Miaka miwili haikuwashwa.
Ningejuaje kama nayo inapumua?"

Akachomoa pini kwenye ushungi wake,
akakiomba kifuniko, akakizibua mwenyewe,
akakipuliza mara tatu.

Ijumaa nilipita Kange kwa gia ya nne.
Beseni lilikuwa limeshasogezwa, pa kuegesha papo wazi.
Nimefika mbele nikageuza,
nikaizima kwa ufunguo, mimi mwenyewe,
nikanunua vitumbua vya elfu moja
na sikujua nimwambie nini.

Usiku bado inalala ndani.
Harufu imerudi chumbani.
Mama hasemi kitu.
Ameacha dirisha wazi,
upana wa kiganja.